Kikombe, Vijiti na Mkono Unaolegea

(Hotuba niliyoitoa Mwanza mbele ya maafisa tabibu, wauguzi na wanafunzi wa tiba)

Wazee wangu, shikamooni. Walimu, wauguzi mliotoka zamu ya usiku na bado mkaja, wanafunzi mliojibana kule nyuma: habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie utafiti wa magonjwa ya ubongo kwa wagonjwa wa Korea Kusini, nchi niliyokaa miaka miwili kwa mafunzo. Mniwie radhi, sitaanzia Korea. Nitaanza na mtoto mmoja wa Kanda hii ya Ziwa, ambaye mama yake ameniruhusu nimsimulie bila kutaja jina wala kijiji.

Alikuwa na miaka saba, mtoto wa kike, ana selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Mimi ndiyo kwanza nilikuwa nimetoka chuo. Mama alimkalisha mbele yangu akasema: "Dokta, huyu akilia sana mkono wa kulia unakufa. Anaangusha kikombe. Tukikaa kidogo, unarudi." Nikamuuliza kama anatoa povu. Hapana. Anazimia? Hapana, ananiangalia tu. Nikachukua kadi nikaandika "kifafa", nikampa karbamazepini, nikaita anayefuata. Bibi yake mtoto alikuwa amesimama mlangoni, naye alishakuwa na jina lake la ugonjwa ule: upepo. Mimi na bibi tulikosea sawasawa, tofauti ni kwamba mimi nilikuwa na kalamu.

Baada ya miezi minne mtoto aliletwa amebebwa mgongoni. Upande wote wa kulia umelala, na maneno yamemkauka mdomoni. Kiharusi, kwa mtoto wa miaka saba. Mama yake alikuwa amenipa historia kamili ya ugonjwa kwa sentensi chache, nami sikuwa na mahali pa kuziweka kichwani mwangu.

Mahali hapo nilipapata Seoul, miaka sita baadaye, kwenye kliniki ya watoto. Kulikuwa na muuguzi mmoja, mama wa makamo, mwenye maswali anayowauliza wazazi kabla mtoto hajaingia kwa daktari. Mwenzangu alikuwa ananitafsiria kwa sauti ya chini. Akilia, mkono au mguu unalegea? Akikimbia je? Akipuliza filimbi darasani? Akipuliza tambi za moto? Wakorea hula tambi zao za ramyeon kwa vijiti, zikiwa bado zinafuka mvuke, na mtoto hupuliza, anapuliza tena, ndipo anatia mdomoni. Baba mmoja akajibu: ndiyo, akipuliza tambi, vijiti vinamdondoka.

Kalamu yangu ilisimama. Kikombe kule kwetu, vijiti huku.

Ugonjwa walioutafuta unaitwa moyamoya. Neno hilo ni la Kijapani, na waliolipa umaarufu ni madaktari Suzuki na Takaku wa Sendai, Japani, katika makala yao ya mwaka 1969. Mnaijua ile mishipa miwili mikubwa inayodunda ukigusa kando ya koo. Inapanda hadi ndani ya fuvu, na pale inapoishia, chini kabisa ya ubongo, ndipo inapoanza kusinyaa. Inasinyaa polepole, miezi na miaka. Ubongo ukiona njaa inakaribia hujichimbia njia za panya: vijishipa vingi vyembamba vinavyopenya huku na kule kutafuta damu. Ukimpiga mgonjwa picha ya mishipa kwa dawa maalumu, vijishipa hivyo huonekana kama moshi wa sigara uliotanda hewani. Moyamoya ndiyo hali hiyo ya ukungu usio na umbo.

Kwa watoto, njia za panya hazitoshi, kwa hiyo sehemu ya ubongo hukosa damu. Kwa watu wazima wa Asia ya Mashariki vijishipa hivyo mara nyingi hupasuka, na mgonjwa huletwa damu imevuja kichwani. Ugonjwa huwapata watu zaidi katika nyakati mbili za maisha: utotoni, kwenye miaka mitano hadi kumi, halafu tena kwenye miaka ya arobaini. Wanawake wanaougua wanakaribia mara mbili ya wanaume.

Sasa kulia kunaingiaje hapo? Hapa naomba wanafunzi wasikie vizuri, maana hiki ndicho nilichokikosa mimi. Mtoto anayelia kwa kwikwi anapumua haraka na kwa kina, sawa na anayepuliza tambi. Anatoa hewa ya ukaa nyingi kuliko kawaida. Hewa hiyo ikipungua kwenye damu, mishipa ya ubongo hujibana. Mimi na wewe tukijaribu tutasikia kizunguzungu kidogo, basi. Lakini mtoto ambaye ubongo wake unaishi kwa njia za panya hana akiba. Mishipa ikijibana kidogo tu, eneo linaloendesha mkono linabaki kavu, na mkono unalegea. Akinyamaza, hewa ya ukaa inarudi kiwango chake, mishipa inaachia, mkono unaamka. Hicho ni kiharusi cha kupita. Akifika kwa daktari hana kitu, anatembea na kucheka. Aliyekiona ni mama, jikoni.

Kwa hiyo povu nililouliza mimi halikuwa na maana. Mtoto wa kifafa mara nyingi mkono hukakamaa na kutupatupa. Mtoto huyu mkono wake ulikufa tu, akaendelea kumwangalia mama yake.

Yule muuguzi wa Seoul hakuyazua maswali yake. Nyuma yake kulikuwa na kadi za mamia ya watoto. Mwaka 2010 madaktari wa Hospitali ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Seoul walichapisha matokeo ya watoto 410 wenye moyamoya waliotibiwa hapo kwa upasuaji. Ugonjwa adimu, watoto 410, hospitali moja. Upasuaji wenyewe ulinishangaza kwa unyenyekevu wake. Wanachukua mshipa wa ngozi ya kichwa, ule unaodunda kwenye panja, hawaukati kutoka kwenye chanzo chake, wanafungua fuvu na kuulaza juu ya ubongo. Kisha wanafunga na kusubiri. Ubongo wenye njaa huvuta vijishipa vipya kutoka kwenye mshipa huo, na baada ya miezi kadhaa eneo lililokuwa kavu linanyweshwa upya. Kati ya kila watoto 100, kama 81 waliishia na hali nzuri. Na waliobaki? Hapa pana jambo ambalo sijaweza kulisahau: watoto waliofika wakiwa tayari na kovu la kiharusi kwenye picha ya ubongo ndio waliokuwa na matokeo mabaya zaidi. Wapasuaji ni walewale na chumba ni kilekile. Kilichowatofautisha ni walivyofika, na hilo huamuliwa na mtu wa kwanza aliyemsikiliza mama. Kwa Kanda hii mtu huyo ni wewe uliyekaa hapo, kwenye zahanati.

Mwaka 2011 watafiti wa Japani walitangaza kwamba wamepata badiliko moja dogo linalohusiana na moyamoya, kwenye jeni iitwayo RNF213. Wakorea walipowapima wagonjwa wao, walio wengi walikuwa nalo. Kuna fumbo hapo ambalo hunikosesha usingizi kwa furaha ya kutaka kujua. Kati ya Wakorea wenye afya zao, kama wawili katika kila 100 nao wanalo. Nchi ina watu takriban milioni 51. Pigeni hesabu: karibu watu milioni moja wanatembea nalo, na wanaougua ni wachache mno kati yao. Mbegu ipo kwa wengi, kuna kitu kingine kinachoiotesha. Na ukienda kwa Wazungu wenye moyamoya, badiliko hilo karibu hulikuti kabisa. Wao wana mabadiliko mengine. Picha ni ileile ya moshi, mizizi ni tofauti.

Mtaniuliza Wakorea waliwezaje kuhesabu ugonjwa adimu namna hii. Nami naliona jambo hili kuwa kubwa kuliko mashine zao. Bima ya afya ilifika kwa raia wote mwaka 1989, na mwaka 2000 mifuko mingi ikaunganishwa kuwa mmoja. Kila raia ana namba ya usajili yenye tarakimu 13, kwa hiyo aliyetibiwa Busan wiki hii na Seoul wiki ijayo ni mtu mmoja kwenye daftari. Magonjwa adimu na mazito, moyamoya ikiwemo, yana usajili wake maalumu, na aliyesajiliwa hulipa asilimia 10 tu ya gharama ya matibabu hayo. Mama ana sababu ya kujiandikisha, kwa sababu inampunguzia mzigo, na akishajiandikisha mtafiti anapata hesabu yake. Sisi mara nyingi tunamwomba mgonjwa takwimu zake na kumrudisha nyumbani mikono mitupu, halafu tunashangaa kwa nini haji tena.

Nirudi kwenye karbamazepini, maana ndiyo niliyomwandikia yule mtoto.

Ni dawa nzuri ya kifafa na imeokoa wengi. Lakini kwa watu wachache huleta balaa: ngozi inabambuka kama ya aliyeungua kwa moto, mdomo na macho vinatoka vidonda, na wengine hufa. Mwaka 2004 watafiti wa Taiwan waliwapima wagonjwa 44 waliopatwa na balaa hilo baada ya karbamazepini, na wote 44 walikuwa na alama moja ya kinasaba, HLA-B*15:02. Wote! Mara chache sana tiba hupata jibu safi kiasi hicho. Mwishoni mwa 2007 mamlaka ya dawa ya Marekani ikaagiza onyo: mgonjwa mwenye asili ya Asia apimwe alama hiyo kabla ya kupewa dawa.

Asili ya Asia. Mkorea alisomaje maneno hayo? Alama ile kwa Wakorea ni adimu, haifiki hata mtu mmoja kwa 100. Lakini na wao walikuwa na wagonjwa waliobambuka ngozi kwa dawa hiyohiyo. Kama wangetegemea kipimo cha Taiwan peke yake, daktari wa Seoul angempima mgonjwa, akamwambia uko salama, na ngozi ingebambuka vilevile. Wakawatafuta wagonjwa wao wenyewe, na mwaka 2011 wakaonyesha kwamba kwa Wakorea alama inayohusika zaidi ni nyingine, HLA-A*31:01, ambayo mwaka huohuo ilionekana pia kwa Wajapani na kwa Wazungu wa Ulaya. Katika jambo hili mwili wa Mkorea ulikuwa karibu na wa Mzungu kuliko wa jirani yake wa Taiwan. Bara zima likiandikwa kwa neno moja kwenye karatasi ya dawa, kuna mtu atakayedhurika ndani ya neno hilo.

Na sisi tukiandikwa "Waafrika", mimi hushtuka. Msukuma, Mmasai, Mgogo na Msomali damu zao hazijapimwa zikaonekana kuwa kitu kimoja. Ndugu zangu, kila mwaka tunaandika karbamazepini kwa wingi kwenye kliniki za kifafa. Mgonjwa akirudi na vipele na vidonda mdomoni tunamwachisha dawa, tunampa nyingine, na mambo yanaishia hapo. Jazeni fomu ya madhara ya dawa ifike TMDA, mamlaka yetu ya dawa. Ni kazi ya dakika kumi. Wale 44 wa Taiwan walijulikana kwa sababu kuna mtu aliandika.

Kwenye kiharusi cha watu wazima nitapita haraka, ingawa ndicho kinachojaza vitanda. Kwa Wazungu mafuta huziba zaidi mishipa ya shingoni. Kwa Wakorea, na Waasia wa Mashariki kwa jumla, mishipa iliyo ndani ya fuvu ndiyo inayoziba mara nyingi, mahali ambapo kisu hakifiki kirahisi. Watu weusi wa Marekani nao wameonekana kuwa na tatizo hilo la ndani kuliko majirani zao weupe, jambo linalotuhusu. Kwa hiyo Wakorea walijaribu dawa kwa tatizo lao wenyewe. Jaribio lao la TOSS, lililochapishwa 2005, lilichukua wagonjwa 135 wenye mshipa uliobana ndani ya fuvu. Wote walipewa aspirini. Nusu wakaongezewa silostazoli, dawa nyingine ya kuzuia damu isigande, nusu kidonge kitupu kisicho na dawa. Baada ya miezi sita, mshipa ulikuwa umezidi kubana kwa asilimia 6.7 ya waliopata silostazoli, na asilimia 28.8 ya waliopata kidonge kitupu. Wengi tungepiga makofi hapo. Wao walifanya jaribio jingine kubwa zaidi, TOSS-2, wakiishindanisha silostazoli na klopidogreli, dawa ya kundi hilohilo, na mwaka 2011 wakatangaza waziwazi kwamba tofauti ya kuaminika haikuonekana. Nawaheshimu kwa hilo kuliko kwa lile la kwanza.

Maana kuna hatari ya upande wa pili pia, ya kudai tofauti ambayo haipo. Kwa miaka mingi iliaminika kwamba Waasia wanavuja damu upesi wakipewa alteplesi, ile dawa ya kuyeyusha bonge la damu, na Japani iliidhinisha dozi ndogo ya miligramu 0.6 kwa kilo badala ya 0.9. Lilikuwa wazo la busara. Jaribio la ENCHANTED likawachukua wagonjwa zaidi ya 3,300, wengi wao Waasia, na mwaka 2016 likatoa jibu: dozi ndogo ilipunguza kuvuja damu kichwani kweli, kutoka asilimia 2.1 hadi 1.0, lakini haikuthibitika kwamba inawaepusha watu na ulemavu sawa na dozi kamili. Anayesema miili yetu ni tofauti anatakiwa kupima, na anayesema ni sawa naye apime.

Kuna neno nilijifunza kule ambalo lilinirudisha nyumbani. Wazee wa Korea huita kiharusi jungpung. Niliuliza maana yake nikaambiwa: kupigwa na upepo. Nikamkumbuka yule bibi mlangoni. Bahari yote hii katikati, na watu wawili wasiojuana wameona mtu mzima akianguka ghafla bila jeraha wakatafuta kitu kisichoonekana kinachoweza kumwangusha mtu, wakaona ni upepo. Tangu siku hiyo simkatizi mtu anaponiambia upepo. Namuuliza upepo ulimpiga saa ngapi, upande gani, na alikuwa anafanya nini.

Kuhusu kifafa walikwenda mbali zaidi. Jina la zamani, ganjil, lilikuwa limebeba aibu nyingi, watu wakifichwa na kunyimwa wachumba. Madaktari na wagonjwa wakakubaliana kulibadilisha, na miaka ya mwanzoni ya 2010 likawa noejeonjeung, yaani ugonjwa wa umeme wa ubongo. Sijui kama kubadili jina peke yake kunaondoa aibu, lakini nimeona mama akilitamka jina jipya bila kuinamisha kichwa.

Sasa nirudi Mwanza.

Moyamoya ya Wakorea na selimundu yetu ni magonjwa mawili tofauti, lakini yanakutana mahali pamoja. Kwa baadhi ya watoto wa selimundu mishipa ileile, pale pale chini ya ubongo, husinyaa, na njia za panya hujichimba vilevile. Yule mtoto wangu alipokuja kupigwa picha ya mishipa miaka baadaye, moshi ulikuwepo. Tanzania huzaliwa takriban watoto 11,000 wenye selimundu kila mwaka. Marekani, kabla hawajaanza kuwapima mapema, watoto kama 11 kati ya 100 walipata kiharusi kabla ya kufika miaka 20. Kisha mwaka 1998 jaribio la STOP lilionyesha kitu cha ajabu kwa urahisi wake: ukiweka kifaa cha Dopla, kinachotumia mawimbi ya sauti, kwenye panja la mtoto, bila sindano, ukapima kasi ya damu kichwani, na ukakuta inafika sentimita 200 kwa sekunde au zaidi, mtoto huyo yuko hatarini. Mshipa uliobana hukimbiza damu, kama unavyoziba mdomo wa mpira wa maji kwa kidole. Walioongezewa damu kila mwezi, hatari yao ya kiharusi ilishuka kwa zaidi ya asilimia 90.

Damu ya kila mwezi kwetu ni ngumu, kila aliyewahi kutafuta chupa moja usiku anajua. Ndiyo maana swali la hidroksiurea, kidonge cha selimundu cha kila siku, lilihitaji kujibiwa kwa watoto wa huku. Wenzetu wa hospitali ya Bugando, hapa hapa mjini, waliingia kazini na utafiti wa SPHERE, wakiwapima watoto wa selimundu kwa Dopla na kuwapa hidroksiurea wale ambao damu yao inakimbia kupita kiasi. Hawakusubiri jibu lishuke kutoka Seoul au Marekani. Watoto waliopimwa ni wa Mwanza, na hilo linanipa moyo kuliko yote niliyoyasema asubuhi hii.

Yule binti sasa anaandika kwa mkono wa kushoto. Anameza hidroksiurea yake. Mama yake aliponiruhusu nimsimulie aliniambia kitu kimoja tu: waambie wamwulize mama, akilia anakuwaje.

Kwa hiyo nimefanya hivyo. Dada wa mapokezi ana karatasi zenye maswali manne, upande mmoja Kiswahili, upande wa pili Kisukuma. Ni yale ya yule muuguzi wa Seoul. Swali la tambi nimelibadilisha, limeandikwa uji wa moto. Kila mtu achukue za kumtosha kwenye zahanati yake. Mashine ya Dopla iko chumba cha pili mkono wa kushoto, na baada ya chai tutapimana wenyewe kwa wenyewe, ili kila mmoja aijue kwa sikio sauti ya damu inayopita vizuri.